Shabiki wa White Sox Kwenye Mji wa Cubs: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila nikituma picha nyumbani nimevaa kofia yangu nyeusi, maswali huja yaleyale. Hiyo ni timu gani? Kwa nini usiwe na ile yenye uwanja mzuri? Hivi mbuzi anaingiaje kwenye habari za mpira? Nimeyajibu mdomoni miaka mingi, sasa nayaandika. Ujue mapema kwamba mimi ni White Sox, timu ya besiboli ya Chicago. Anayetafuta maelezo yasiyoelemea upande amepotea njia.

Besiboli inachezwaje, kwa kifupi?

Mmoja anarusha mpira, mwingine anaupiga kwa gongo kisha anakimbia kuzunguka vituo. Akirudi salama alikoanzia, timu yake imepata alama moja. Mpira ukipigwa ukavuka ukuta wa uwanja, hiyo ni homurani, na mpigaji anazunguka akitembea kama mwenye nyumba. Vipindi ni 9, na kwenye kila kipindi timu hupokezana kupiga. Sare hakuna. Wakilingana wanaendelea hadi mmoja aanguke.

Mengine utayajua ukiwa umeketi. Linalomhusu shabiki ni kwamba msimu mmoja una mechi 162, toka mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku. Shabiki wa soka akifungwa Jumamosi ana wiki nzima ya kuuguza kidonda. Sisi tunafungwa Jumanne, Jumatano tunavaa jezi ileile tunarudi.

Chicago ina timu mbili. Zimegawanaje mji?

Kwa njia ya treni. Kuna Red Line, treni ya mjini inayokata Chicago toka Howard kaskazini hadi mtaa wa 95 kusini. Ukishuka kituo cha Addison uko Wrigley Field, kwa Cubs. Ukiendelea kusini ukashuka Sox-35th uko kwa White Sox, kwenye uwanja ambao sasa unaitwa Rate Field. Kati ya viwanja hivyo ni kama kilomita 13, na treni haibadilishwi.

Kwa hiyo siku timu zote mbili zina mechi, behewa moja linabeba kofia za bluu na kofia nyeusi zikitazamana. Katikati ya mji watu hubanana, kila mtu anasoma simu yake kwa bidii isiyo ya kawaida. Upande wa kaskazini ni Cubs, wa kusini ni Sox. Si sheria, wapo waliovuka, ila mtu akikuambia anakoishi tayari umeshamkisia.

Ni kama Simba na Yanga?

Kwa maneno ya vijiweni, ndiyo. Kwa ratiba, hapana. Simba na Yanga wako ligi moja, wanagombea taji lilelile, na mechi yao huamua msimu. Cubs wako National League, Sox wako American League, na kwa miaka mingi ligi hizo zilikutana kwenye fainali tu, ile World Series ya mechi kadhaa. Hadi mwaka 1997, mwaka ligi hizo zilipoanza kuchanganywa, Cubs na Sox hawakuwahi kukutana kwenye mechi ya msimu wa kawaida. Zile walizocheza zamani kati yao zilikuwa za kugombea heshima ya mji tu. Leo wanakutana mara chache kila mwaka, na siku hizo ndizo mashemeji wanapoacha kupokea simu.

Mara moja tu wamekutana fainali, mwaka 1906. Cubs walikuja wameshinda mechi 116 na kupoteza 36, msimu ambao hadi leo unatajwa kwa heshima. White Sox walikuwa wa mwisho katika ligi yao kwa upigaji. Sox wakashinda mechi 4 kwa 2. Hakuna aliye hai aliyeiona fainali hiyo, lakini kaa baa yoyote karibu na mtaa wa 35 useme neno baya juu ya Sox, uone mwaka 1906 utakavyotolewa mfukoni kama kitambulisho.

Jambo jingine ambalo watu wa bluu hawapendi likumbushwe, ingawa sisi pia linatuuma kidogo: jina letu tumelirithi kwao. Cubs walipoanza kucheza National League mwaka 1876 ndio walioitwa White Stockings, yaani soksi nyeupe. Baadaye wakaliacha. Timu ya kusini ilipokuja, Charles Comiskey akaliokota.

Wewe ulichaguaje?

Sikuchagua. Chumba cha kwanza nilichoweza kukilipia kilikuwa kusini, na ghorofa ya chini aliishi mzee mmoja Mmarekani mweusi aliyekuwa na redio ndogo kibarazani. Mimi nilikuwa natoka kazini usiku, yeye bado ameketi, redio inasema, kiti cha pili kitupu. Siku ya tatu nikakaa. Kufikia Agosti nilikuwa najua majina ya warushaji wote, na nilikuwa nachukia kwa niaba yake watu ambao sijawahi kukutana nao.

Yeye alikuwa na sababu zake. Enzi ambazo Wamarekani weusi walizuiwa kucheza ligi kubwa, walikuwa na ligi zao, na mechi yao kubwa ya nyota wa mashariki na magharibi ilianza mwaka 1933 palepale Comiskey Park, uwanja wa zamani wa Sox. Familia zilivaa nguo za kanisani kwenda kuitazama. Uwanja ule ulifungwa mwaka 1990 ukabomolewa, wa sasa ukafunguliwa ng'ambo ya barabara mwaka 1991. Mzee aliuita Comiskey mpaka mwisho. Uwanja umebadilishwa jina mara tatu kwa pesa za wadhamini, yeye hakuhusika.

Lakini huyohuyo, ukimtaja Ernie Banks, alinyamaza kidogo. Banks alikuwa mchezaji mweusi wa kwanza wa Cubs, akawachezea toka 1953 hadi 1971, akapiga homurani 512, na hakuwahi kucheza fainali hata moja. Mzee alisema kwa Banks mtu unavua kofia, kisha unaivaa tena.

Naweza kushabikia zote mbili?

Hapana. Wapo wanaosema, "mimi ni wa Chicago tu, yeyote akishinda nafurahi." Watu wa namna hiyo nyumbani tunawaita mashabiki maandazi, na hapa hawana jina zuri zaidi.

Ninaowapa ruhusa ni wawili, na wote ni marehemu. Bill Veeck akiwa kijana ndiye aliyepandisha ile mimea inayotambaa ukutani Wrigley, mwaka 1937. Akaja kuwa mmiliki wa White Sox mara mbili, na mwaka 1960 akatuletea ubao wa matokeo unaolipua fataki kila tukipiga homurani. Alipouza timu mwaka 1981 alirudi kuketi kwenye majukwaa ya jua ya Wrigley kama shabiki. Wa pili ni mtangazaji Harry Caray. Sanamu yake iko Wrigley, na watalii wanadhani ule mtindo wake wa kuimbisha uwanja mzima katikati ya kipindi cha saba ni wa Cubs. Alianza kwetu, miaka ya 1970. Alihamia kwao mwaka 1982 akaondoka na wimbo.

Wachezaji ni habari nyingine, wale ni wafanyakazi. Sammy Sosa alikuwa wetu, tukambadilisha na Cubs mwaka 1992. Mwaka 1998 alipiga homurani 66. Tuendelee na swali lingine.

Nimeoa upande wa pili. Itakuwaje?

Utaishi. Barack Obama, mtoto wa Mkenya, ni White Sox wa wazi. Mwaka 2009 alipokwenda St. Louis kurusha mpira wa ufunguzi kwenye mechi ya nyota alivaa koti la Sox, na mashabiki wa mji mwingine wakamzomea kidogo. Mkewe Michelle ni Cubs, ingawa kazaliwa na kukulia kusini. Januari 2017, siku chache kabla ya kuondoka madarakani, Obama ilimbidi awapokee Cubs Ikulu kama mabingwa. Alitabasamu vizuri tu. Ndoa ni uvumilivu.

Na yule mbuzi?

Mwaka 1945 Cubs walikuwa fainali. Mwenye baa mmoja, William Sianis, alikuja uwanjani na mbuzi wake, mbuzi akakataliwa. Inasemekana aliondoka akiapa kwamba Cubs hawatashinda tena. Wakapoteza fainali ile, na hawakurudi fainali kwa miaka 71. Ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1908.

Sisi tunaotoka pwani hatuna ugumu wa kuelewa habari hiyo. Ukimtukana mtu na mbuzi wake mlangoni, unategemea nini? Tatizo ni kwamba walikuwa na miaka 37 ya ukame hata kabla ya mbuzi kuja, na hilo hawalitaji.

Usiku wa 2016 ulikuwa wapi?

Rogers Park, kaskazini kabisa, kwa rafiki yangu Mkongomani ambaye ni Cubs kwa sababu ileile iliyonifanya mimi niwe Sox: alipopata nyumba ndipo alipopata timu. Alinialika akijua nitaomba wafungwe. Mechi ya saba na ya mwisho ya fainali, Cubs na Cleveland, Novemba 2. Cubs wakaongoza, Cleveland wakasawazisha kipindi cha nane, vipindi 9 vikaisha 6-6, kisha mvua ikanyesha. Mechi ikasimama dakika 17.

Dakika zile 17 sitazisahau. Mwenyeji wangu aliingia jikoni, akafungua maji, akaosha vyombo vilivyokuwa safi. Mkewe akamwambia, "Baba, kuja ukae." Hakuja. Akaniita mimi: "Ndugu, wewe ambaye huwapendi, niambie ukweli. Wanaweza?" Nikamwambia wanaweza. Sikutaka waweze, lakini mtu aliyekuwa na sabuni hadi kwenye viwiko ungemwambia nini?

Wakashinda 8-7 kwenye kipindi cha kumi. Nje honi zililia hadi alfajiri. Watu waliandika kwa chaki majina ya wazazi na babu zao waliokufa bila kuona siku ile, ukuta wa matofali wa Wrigley ukajaa. Nilikwenda kuutazama siku ya pili yake, bila kofia yangu. Hilo ndilo pekee ambalo nimewahi kuwapa.

Mbona hakuna anayezungumzia ubingwa wenu?

Swali zuri, uliza magazeti. Mwaka 2005 White Sox walishinda mechi 11 na kupoteza 1 kwenye hatua za mwisho, wakawafagia Houston Astros 4-0. Ubingwa wa kwanza tangu 1917, miaka 88. Kocha alikuwa Ozzie Guillén, Mvenezuela. Bahati mbaya yetu ni kwamba Boston walimaliza ukame wao wa miaka 86 mwaka mmoja kabla, dunia ikawa imeshalia machozi yake, na Cubs walipokuja 2016 ikalia tena. Sisi tulipita katikati kama mtoto wa kati.

Kashfa ya 1919 ilikuwaje?

Wachezaji 8 wa White Sox walituhumiwa kupokea pesa za wacheza kamari ili wapoteze fainali dhidi ya Cincinnati, na kweli timu ilipoteza, 5 kwa 3. Mahakama iliwaachia mwaka 1921. Mkuu wa ligi, Kenesaw Mountain Landis, akawafungia maisha hata hivyo. Maarufu zaidi ni Joe Jackson, ambaye watu bado wanabishana kama alistahili. Cubs wakikosa la kusema wanasema hilo.

Ni kweli Papa ni Sox?

Ni kweli. Papa Leo XIV alichaguliwa Mei 8, 2025, na kabla jua halijazama Wrigley walikuwa wameandika kwenye ubao wao kwamba ni wao. Kaka yake akahojiwa akakanusha: nyumbani kwao, kitongoji cha Dolton kusini mwa Chicago, ni White Sox. Ikatafutwa picha ya televisheni ya mechi ya kwanza ya fainali ya 2005, akaonekana jukwaani. Kiti chenyewe kinajulikana: sehemu ya 140, safu ya 19, kiti namba 2. Klabu imeweka picha yake hapo, na watu huenda kupigia picha.

Nilimpigia rafiki yangu wa Rogers Park, Mkatoliki wa kusali rozari kila jioni. Alikaa kimya muda, akasema, "Papa hakosei kwenye mafundisho ya imani tu. Mpira haumo."

Mwaka 2024 ulikuwaje, na kwa nini hukuhama?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Mwaka 2024 White Sox walishinda mechi 41, wakapoteza 121. Ni timu iliyopoteza mechi nyingi zaidi kwa msimu mmoja katika zama za kisasa za ligi hizi, ikiipita New York Mets ya 1962 iliyopoteza 120. Ndani yake kulikuwa na mfululizo wa mechi 21 bila kushinda, toka Julai hadi mwanzoni mwa Agosti.

Kupoteza mara 21 mfululizo ni kitu ambacho mwili unakizoea. Mara ya tano unakasirika. Ya kumi unaanza kutania. Ya kumi na tano wenzako wa kazini wanaacha kukutania, na hapo ndipo inapouma, maana mtu asiyetaniwa ni mgonjwa. Fundi mmoja mwenye kofia ya Cubs kazini kwetu alininunulia kahawa bila kusema neno. Nilitamani anitukane.

Septemba 24 nilikwenda uwanjani. Tulikuwa na mechi 120 tulizopoteza, moja tu tuvunje rekodi, wageni ni Angels. Kulikuwa na watu waliokuja mahsusi kushuhudia aibu, wakitaka waje wasimulie. Wengine waliimba wakimtaka mmiliki auze timu. Nilikuwa na kikombe cha mahindi. Hadi kipindi cha nane tuko nyuma 2-0. Mara vijana wakapindua meza, tukashinda 3-2, na waliokuja kuona rekodi hawakujua washangilie au wadai nauli. Kesho yake tukashinda tena. Keshokutwa yake tena. Timu mbovu kuliko zote ilikataa kuvunja rekodi mbele ya watu wake. Ikaenda kuivunjia Detroit, Septemba 27, kwa 4-1.

Kwa nini sikuhama? Ningehamia wapi? Mzee wa ghorofa ya chini alikuwa ameshafariki, na redio yake aliniachia mimi. Siwezi kuisikilizia Cubs redio ile. Naogopa itakataa kuwaka.

Chakula?

Mahindi. Uwanja wetu unauza mahindi kwa mtindo wa Mexico, punje zimepukuchuliwa, zinachanganywa na siagi, jibini, pilipili na ndimu. Aliyekulia kwenye mahindi ya kuchoma ya ndimu na pilipili atajisikia nyumbani papo hapo. Soseji ndani ya mkate nayo ipo viwanja vyote viwili, na hapo tu mji mzima unakubaliana: usiweke tomato sosi. Haradali, kitunguu, achali, nyanya, pilipili, vyote sawa.

Nikienda uwanja wa wapinzani, adabu zikoje?

Vaa rangi zako, shangilia kwa kiasi, usikae majukwaa ya jua Wrigley ukiwa na kelele nyingi. Pale mgeni akipiga homurani, aliyeudaka mpira anatarajiwa kuurudisha uwanjani, na jukwaa zima litamwimbia hadi aurushe. Ugomvi wa ngumi jukwaani ni nadra. Wachezaji wenyewe waliwahi: Mei 2006 mdakaji wa Cubs, Michael Barrett, alimpiga ngumi A.J. Pierzynski wetu baada ya kugongana. Bado linasimuliwa kila mwaka, na kila upande una mshindi wake.

Na ukiwa kwenye treni baada ya mechi ya Wrigley, tazama juu ya ubao wao: bendera nyeupe yenye herufi W ni ushindi, ya bluu yenye L ni kufungwa. Unaijua hali ya behewa kabla milango haijafunguka.

Nikiwa Dar au Mombasa naweza kufuatilia?

Unaweza, kwa gharama ya usingizi. Wakati wa msimu Chicago iko nyuma yenu kwa saa 8. Mechi ya jioni inayoanza saa 12:40 hapa, kwenu ni saa 8:40 usiku wa manane. Cubs ndio wenye mazoea ya kucheza mchana, na Wrigley haikuwa na taa hadi mwaka 1988. Mechi yao ya saa 7:20 mchana inakukuta nyumbani saa 3:20 usiku, umeshakula, watoto wamelala. Naona unavyofikiria. Acha.

Mwanangu amerudi na kofia ya Cubs. Nifanye nini?

Wangu pia. Alipewa na rafiki wa shule, ya bluu kabisa, hakutaka kuivua hata kulala. Sikusema kitu. Jumapili nikampeleka Rate Field, sehemu ya 140 hivi, akaketi na kofia yake ya bluu katikati ya nyeusi zote. Akataka mahindi. Mama muuza mahindi aliitazama ile kofia, akanitazama mimi, akajaza kikombe, akamwambia mtoto kwamba mwenye kofia hiyo hulipa mara mbili. Mtoto akashtuka, akaivua, akaificha nyuma ya mgongo. Akapewa kikombe kwa bei ya kawaida, na pilipili ya ziada. Alipomaliza kulipa akaivaa tena.